Albamu Nne za Mwaka 2021: Ipi ya Kupakua Kabla Treni Haijaondoka Kigoma

Mwaka 2021 uliwaletea wapenzi wa Bongo Fleva neema isiyokuja kila mara. Wasanii wanne wa safu ya mbele walitoa albamu kamili ndani ya mwaka huo mmoja: Rayvanny alifungua tarehe 1 Februari kwa Sound from Africa, Mbosso akafuata mwezi Machi na Definition of Love, Ali Kiba akavunja ukimya wa miaka mingi mwezi Oktoba na Only One King, na Harmonize akafunga msimu tarehe 5 Novemba na High School. Kwa muda mrefu tulizoea kuwapokea wasanii wetu kwa wimbo mmoja mmoja, tukiusikiliza redioni na kwenye bajaji mpaka uchuje, kisha tukingoja mwingine. Kwa hiyo kuletewa nyimbo zaidi ya sabini, zikiwa zimepangwa na wenyewe kwa mfuatano walioutaka, ni jambo linalostahili kukaliwa kitako na kusikilizwa kwa utulivu.

Kilichonifanya nizilinganishe ni swali la mdogo wangu, anayesoma chuo Tabora na aliyekuwa nyumbani Kigoma kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Zaidi ya wiki moja kabla ya kurudi aliniambia, "Kaka, nafasi iliyobaki kwenye simu yangu inatosha albamu moja, labda na nyimbo mbili za nyongeza. Nichukue ipi?" Nilimjibu palepale kwa kumtaja Ali Kiba, kwa kuwa asili yake ni ya kwetu, na usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua nimejibu kwa moyo wa nyumbani badala ya sikio. Asubuhi nikamwomba anipe wiki moja. Nilizisikiliza zote nne upya, kila moja kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kuruka, nyumbani mtaani Mwanga hapa Kigoma wakati wa usiku, barazani kwa mama yetu mkubwa kule Ujiji wakati wa jioni, na mara mbili mwaloni Kibirizi, mahali ambapo muziki hupimwa kwa miguu ya wanaousikia.

Swali lake si dogo kwa msafiri wa reli ya kati. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400, na treni ikishaiacha Uvinza, kuelekea Nguruka, Usinge, Kaliua na Urambo, mtandao hupatikana karibu na stesheni na kupotea kwa muda mrefu katikati ya pori, hivyo anayetegemea kusikiliza moja kwa moja kutoka intaneti atakatiwa wimbo kabla kiitikio hakijarudi mara ya pili. Ni lazima kupakua mapema, na kupakua kunataka hesabu. Wimbo wa dakika tatu na nusu katika ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 3.4, na katika ubora wa kilobiti 320 huchukua takriban megabaiti 8.4. Kwa wastani huo, nyimbo 12 za Mbosso zitachukua kama megabaiti 40 katika ubora wa chini na kama 100 katika ubora wa juu. Nyimbo 16 za Ali Kiba zitachukua 54 au 134, nyimbo 20 za Harmonize 67 au 168, na nyimbo 23 za Rayvanny 77 au 193. Maana yake ni kwamba nafasi ileile inayobeba albamu ndefu katika ubora hafifu inakaribia kubeba albamu fupi katika ubora mzuri, na mimi sina shaka kwamba la pili ni bora, kwa sababu ubora wa chini hula kwanza sauti za juu: nyuzi nyembamba za gitaa, matoazi, na ile pumzi ya mwimbaji mwishoni mwa mstari, ambayo katika muziki wa kubembeleza ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Kipimo changu cha kwanza ni uzima wa albamu. Albamu si kapu la dagaa ambamo kila mmoja ni sawa na mwenzake na ukipunguza kiganja kimoja hakuna atakayejua. Ni safari, na msafiri anapaswa kuhisi kwamba wimbo wa saba umekuja baada ya wa sita kwa sababu fulani. Kipimo cha pili ni Kiswahili chake, yaani kama maneno yanabaki na ladha baada ya mdundo kuzimwa. Jambo moja la kusikitisha ni kwamba albamu zote nne zimepewa majina ya Kiingereza, ilhali karibu nyimbo zote nilizozipenda zaidi ndani yake zina majina ya Kiswahili. Wasanii hawa wanajua vizuri nguvu ya lugha yao, na ningefurahi kuiona hata kwenye jalada.

Kipimo cha tatu ni cha mahali. Sikio la Kigoma lina malezi yake. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, jua letu huzama nyuma ya milima yao, na muziki wao umekuwa ukivuka maji pamoja na vitenge na watu tangu enzi za wazazi wetu. Shem Karenga, aliyekuja kutunga "Dada Asha" akiwa na Tabora Jazz, alipitia hapa Kigoma katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz, na Tabora yenyewe ilikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro. Reli inayoiunganisha miji hii miwili ilibeba magitaa pamoja na magunia, na wazee wetu walijifunza kupima wimbo kwa namna gitaa la solo linavyojibizana na mwimbaji. Ndiyo maana msanii yeyote wa leo anayegusa rumba au sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea ambamo gitaa huongoza, mbele ya watu wa pande hizi anaingia mtihani ambao pengine mji mwingine hautampa.

Nianze na Rayvanny, kwa kuwa alitangulia. Sound from Africa ni soko kubwa. Nyimbo 23 zinapita katika midundo mingi, na waalikwa wametoka mbali, wakiwamo Innoss'B wa Goma na GIMS, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ufaransa. Rayvanny, kijana wa Mbeya, ana kipaji ambacho watatu wenzake hawana kwa kiwango chake, nacho ni kugeuza sauti kulingana na mgeni aliyenaye, akawa mpole kwa huyu na mkali kwa yule, bila kupoteza utambulisho wake. Katika "Number One" amekutana na Zuchu, na pale ndipo nilipozisikia sauti mbili zikilingana kwa uzito. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, na malezi ya taarabu yanasikika katika namna anavyolitamka neno mpaka herufi ya mwisho, jambo linalomlazimisha Rayvanny naye kutulia na kutamka vizuri.

Udhaifu wa albamu hii umo ndani ya wingi wake. Nilipoisikiliza mfululizo, kufikia nusu ya safari sikujua tena ninapelekwa wapi, kwa sababu kila wimbo unaanza upya kana kwamba uliotangulia haukuwapo. Ukinipa nafasi ya kuchagua nyimbo kumi kati ya hizo 23, nitakutengenezea albamu nzuri sana, lakini kazi hiyo ilikuwa ya msanii na mtayarishaji wake. Kwa mwenye nafasi ndogo kwenye simu, hii ndiyo albamu inayomgharimu zaidi na kumtaka aanze tena kupunguza.

Hata hivyo ina "Kelebe", na hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu "Kelebe" ya Rayvanny na Innoss'B na "Ndombolo" ya Ali Kiba ni nyimbo mbili zinazochota katika kisima kimoja kwa ndoo tofauti. Katika "Kelebe", Mkongo mwenyewe yupo ndani ya wimbo, na ameingia na mikato yake, vibwagizo vyake vya kuita watu wacheze, na kasi ya vijana wa Kongo ya leo, ambayo imeshachanganyika na midundo ya Afrika Magharibi. Katika "Ndombolo" hakuna Mkongo. Ali Kiba ameimba na Abdukiba, K2ga na Tommy Flavour, wakati huo vijana wa lebo yake ya Kings Music, na wamelichukua jina la mchezo uliovuma kutoka Kongo mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaufanya kumbukumbu ya pamoja kwa mtu aliyekuwa mtoto wakati ule, aliyewaona dada zake wakiucheza kwenye sherehe za mtaani.

Nilizipima mbili hizi mwaloni katika siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani kwa kuwa taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mwanga wa mwezi, na vijana wanakuwa nchi kavu na muda mwingi mikononi. "Kelebe" iliwainua waliokuwa na umri wa miaka ishirini. "Ndombolo" iliwainua wao na mjomba mmoja mvuvi, mtu wa makamo asiyependa kabisa kelele za sabufa, ambaye aliweka wavu aliokuwa akiuziba kando, akacheza hatua chache kwa heshima yake na kurudi kukaa. Kwa hiyo kwa upande wa mchezo wenyewe ningempa ushindi Rayvanny, na kwa upande wa kukusanya watu wa rika mbalimbali ningempa Ali Kiba, na kwangu la pili lina uzito zaidi.

Tukija sasa kwa Only One King yenyewe, ni lazima kwanza nieleze kwa nini Kigoma tuliipokea kama mtoto aliyerudi kutoka safari. Ali Kiba alitoa albamu yake ya kwanza, Cinderella, mwaka 2007, na ya pili, Ali K4Real, mwaka 2009, kisha akatuacha miaka 12 tukila wimbo mmoja mmoja. Asili ya familia yake ni mkoa huu, na mkoa huu una desturi ya kujivunia wasanii wake waziwazi, kama ilivyoonekana mwaka 2012 wakati wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika kuimba "Leka Dutigite", kwa maneno ya Kiha yanayosema tujidai. Kwa hiyo ninapomsifu, msomaji anayo haki ya kuuliza kama ninasifu sauti au ninasifu ukoo, nami nimejitahidi kuvitenga.

Sauti inajisimamia. Kati ya wanne hawa hakuna mwenye sauti pana kama yake, inayoweza kuanza chini karibu na kunong'ona na kupanda hadi juu kwa mikunjo mingi bila kukwaruza. Wimbo wa "Utu" ndio unaoonyesha hilo vizuri kuliko nyingine zote. Ni wimbo wa mapenzi wa taratibu, na uchaguzi wa jina lake unanigusa kila ninapousikia. Tumezoea nyimbo zinazomsifu mpenzi kwa sura, umbo, macho na mwendo, na huyu ameubatiza wimbo wa mapenzi kwa neno ambalo wazee wetu hulitumia wanapompima mtu mzima, neno linalobeba huruma, haya na kujali wengine. Mama mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele barazani, aliusikiliza wote bila kusema kitu, kisha akaniomba niurudie, na baada ya hapo akasema, "Mwanangu, huyu anaimba kama anamheshimu anayemwimbia." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Albamu hii pia ina utengenezaji safi, na ukiifungua kwenye spika nzuri utasikia kila ala imewekwa mahali pake. "Jealous" aliyoimba na Mayorkun na "Salute" aliyoimba na Rudeboy, mmoja wa wawili waliokuwa P-Square, ni nyimbo za kiwango cha juu zinazoweza kupigwa Lagos au Kigoma bila kuomba radhi. Kuna pia "Bwana Mdogo" na Patoranking, yupo Sarkodie wa Ghana, wapo na Sauti Sol wa Kenya. Lakini hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa dhidi ya albamu hii, na ninalisema kwa sababu ninampenda. Wageni ni wengi, na wote ni wakubwa, kiasi kwamba katikati ya albamu mwenyeji anaonekana kama anapita kuwakaribisha na kuwapa viti badala ya kukaa kwenye kiti chake. Albamu inayoitwa kwa jina la mfalme mmoja ilistahili kumwacha huyo mmoja peke yake kwa muda mrefu zaidi. Kila anapobaki yeye na wimbo wake, kama kwenye "Utu", albamu inapanda. Na kila Kiingereza kinapoongezeka ili mgeni na mwenyeji wakutane, Kiswahili chake, ambacho ni kizuri, kinapungua nguvu.

Definition of Love ya Mbosso ni kinyume cha hayo karibu kwa kila namna. Ina nyimbo 12, fupi kuliko zote nne, na imeshika jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: mapenzi, katika hali zake za kubembeleza, kukaribisha, kutulizana na kucheza. Nayo ina waalikwa wengi. Diamond Platnumz yumo katika "Baikoko" na "Karibu", Darassa yumo katika "Kadada", Rayvanny katika "Pakua", Spice Diana wa Uganda katika "Yes", na Flavour wa Nigeria katika "Sakata". Hata sisi wa Kigoma tumepewa sehemu yetu, kwa kuwa Baba Levo, mtu wetu, ameingia katika "Kamseleleko", na Diamond naye mizizi ya upande wa mama yake iko huku. Kwa hiyo hata mtu anayepima kwa damu tu hawezi kusema kwamba Mbosso, kijana wa Kibiti mkoani Pwani, ametusahau.

Tofauti ni kwamba wageni wa Mbosso wanaingia nyumbani kwake na kufuata utaratibu wa nyumba. Nadhani sababu ni malezi. Mbosso alitoka katika Yamoto Band, kundi la vijana wanne waliokuwa wakipokezana mistari na kuitikiana, na mtu aliyekua kimuziki katika kundi anajifunza mapema kuacha nafasi kwa mwenzake bila kupoteza yake. Anajua lini anyamaze, nasi tunajua yupo hata akinyamaza.

Wimbo uliobadilisha jibu langu ni "Tulizana". Humo Mbosso amewaalika Kilimanjaro Band, Wana Njenje, bendi ambayo mizizi yake iko Tanga katika miaka ya 1970, na ametenda jambo ambalo vijana wengi huogopa: ameingia katika muziki wa wazee kwa adabu na kuuacha ubaki muziki wao. Mwendo ni wa dansi, hauna haraka, na sauti yake nyembamba ya kubembeleza inakaa juu ya ala kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia asubuhi. Ninapousikia ninajua kwamba Tabora Jazz wangeuelewa. Sauti za magitaa na waitikiaji zinaeleza kwa sikio la Kigoma na Tabora kile ambacho maelezo marefu hayawezi, yaani kwamba Bongo Fleva na dansi ni mtu na mjukuu wake, na kwamba mjukuu anaweza kukaa kwenye mkeka wa babu bila kuvaa nguo za babu.

Kisha angalia namna "Tulizana" inavyojibiwa na "Baikoko" ndani ya albamu hiyohiyo. Baikoko ni ngoma ya Tanga, ngoma ya kiuno na ya kasi, na Njenje nao wametokea Tanga. Sijui kama mpangilio huo ulikusudiwa, ila matokeo yake ni kwamba albamu ina nyimbo mbili zinazoutazama mji uleule kwa macho mawili: moja la usiku wa ngoma, na jingine la jioni ya dansi. Huu ndio uzima niliokuwa nikiuzungumzia. Kiswahili chake nacho ni cha watu wa pwani, chenye kubembeleza na mafumbo yanayoeleweka na mtu mzima huku mtoto akipita bila kudhurika, ingawa hilo la mwisho haliwi kweli kwa nyimbo zote, na mzazi atataka kuzisikiliza kwanza "Baikoko" na "Pakua" kabla ya kuziachia mbele ya familia.

Ina udhaifu wake. Mtu aliyefiwa, aliyekosa kazi, au anayetaka kusikia habari za maisha nje ya mapenzi hatapata neno lake humu, na jina la albamu limemwonya mapema. Zile nyimbo zenye wageni kutoka Nigeria zinapendeza, lakini ndizo ninazozikumbuka kidogo zaidi wiki mbili baadaye. Na sauti ya Mbosso, kwa kuwa ni ileile ya upole, inahitaji msikilizaji aliye tayari kutulia. Ukimsikiliza kwenye bajaji katikati ya makelele ya sokoni, nusu ya uzuri wake utapotea.

Nikiwaweka Ali Kiba na Mbosso bega kwa bega, naona hivi. Ali Kiba ameshinda kwa sauti, kwa usafi wa utengenezaji, na kwa wimbo mmoja ulio bora kuliko wowote wa mwaka ule, ambao kwangu ni "Utu". Mbosso ameshinda kwa albamu. Ukichukua nyimbo tatu bora za kila mmoja na kuzipambanisha, Ali Kiba atatoka mbele, na ukichukua albamu nzima ya kila mmoja, Mbosso atatoka mbele, kwa sababu hakuna mahali unapotamani kuruka zaidi ya mara moja au mbili. Ali Kiba anataka spika kubwa na chumba chenye nafasi, na Mbosso anataka visikilizio na dirisha. Kwa Kiswahili, wote wawili ni mafundi, lakini Mbosso amekitumia kwa wingi zaidi na kwa uhuru zaidi. Kwa heshima kwa waliotangulia, Ali Kiba ametukumbusha ndombolo kwa mbali, ilhali Mbosso amewaita wazee wenyewe na kuwapa maikrofoni.

High School ya Harmonize sitaikalia sana, kwa kuwa inajibu swali tofauti na la mdogo wangu. Harmonize, mzaliwa wa Mtwara, alikuwa ametoa Afro East mwaka mmoja tu kabla, na katika hii ya pili ameukumbatia mdundo wa amapiano kutoka Afrika Kusini kwa nguvu zote. "Teacher" ina ile besi nzito inayodunda kifuani, na "Sandakalawe" imechukua mwito wa mchezo wa watoto, ule ambao kila Mtanzania ameuitikia "amina" akiwa na umri wa miaka saba, ikaupandisha jukwaani mbele ya watu wazima. Hilo ni wazo zuri kwelikweli, na linalingana na jina la albamu: shule, mwalimu, mchezo wa uwanjani. Laiti angeendelea na uzi huo katika nyimbo zote 20, ningekuwa ninaandika habari nyingine, lakini nyingi zinatoka darasani mapema na kwenda kwenye mambo ya kawaida. Kwa sherehe, harusi, kufungua mwaka, au gari la safari ya mchana lenye vijana, sioni inayoipita. Kwa mtu mmoja aliyekaa dirishani treni ikipita misitu ya miombo, besi hiyo inachosha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayechagua unategemea mahali atakaposikilizia. Mwenye genge, saluni au bajaji, ambaye wasikilizaji wake hubadilika kila dakika kumi, achukue Sound from Africa, kwa sababu wingi wake, ambao kwangu ni kasoro, kwake ni mtaji, na hakuna mteja atakayekosa chake. Mwenye sherehe achukue High School. Mwenye spika nzuri nyumbani na nafasi ya kutosha achukue Only One King katika ubora wa juu kabisa anaoumudu, na asiipunguze, maana kuupunguza ubora wa "Utu" ni kuukata wimbo huo pumzi. Mwenye simu ndogo na safari ndefu achukue Definition of Love, katika ubora wa juu vilevile, kwa kuwa megabaiti 100 zinaitosha yote.

Na niongeze jambo moja kuhusu namna ya kuichukua. Kwetu kuna vijana wanaorusha nyimbo kwenye memori kadi kwa bei ndogo, na wanarahisisha maisha ya wengi wasio na bando. Lakini nyimbo hizo mara nyingi zimeshanakiliwa kutoka nakala ya nakala, mpangilio wa albamu umevurugwa, na wasanii hawapati chochote. Kwa ulinganisho kama huu, ambao msingi wake ni mfuatano wa nyimbo, nakala iliyovurugwa itakupa jibu lisilo sahihi. Pakua kutoka kwenye programu rasmi ya muziki, angalau kwa albamu moja uliyoichagua kwa moyo.

Mdogo wangu alifuata jibu langu la pili. Aliondoka na Definition of Love yote, na katika nafasi iliyobaki akaweka "Utu" na "Ndombolo". Alinipigia simu siku iliyofuata kutoka Tabora, akaniambia kwamba usiku, baada ya Nguruka, mama mmoja aliyekaa mbele yake aliisikia "Tulizana" ikivuja kwenye visikilizio, akamwomba avichomoe ili naye asikie, na behewa likawa kimya kidogo. Walipofika Kaliua wimbo ulikuwa umeshapigwa mara nne. Kisha akaniuliza kama ninayo "Dada Asha" ya Tabora Jazz, kwa sababu mama yule alikuwa ameitaja na kuiimba kidogo, na yeye hakuwahi kuisikia yote.